Panda Juu Kidogo, Mama

Ukiingia nyumba ile, kabla hujaambiwa karibu uketi, macho yalipanda yenyewe ukutani. Palitundikwa kitambaa cheupe kilichodariziwa kwa uzi mwekundu, ndege wawili wameelekezana midomo, na katikati yao maneno: "Uendako nitakwenda, na ukaapo nitakaa." Chini ya kitambaa palikuwa na kiti cha marehemu. Hakuna aliyekikalia tena. Hata paka alijua.

Mwenye nyumba walimwita Bibi Nyuzi. Kazi yake ilikuwa kudarizi: vitambaa vya meza, foronya, shuka za maharusi. Hakuna binti wa mtaa ule aliyeolewa bila ndege wa Bibi Nyuzi. Maneno yaliyoagizwa kuliko yote yalikuwa hayo ya ukutani. Yaliyofuata kwa kupendwa yalikuwa ya foronya, "Enyi wake, watiini waume zenu," na hayo waliyaagiza zaidi mama wa mabwana harusi.

Shule aliisoma madarasa machache ya chini, akatolewa akalee wadogo zake. Kusoma alijua, lakini kusoma kwa kupapasa, kama mtu anayevuka chumba chenye giza. Mistari yake aliandikiwa na wateja kwenye vipande vya karatasi, naye akaikariri vidole vikiwa kazini. Alijua kuwa Ruthu wa kwenye Biblia alikuwa mke mwema. Alijua kuwa Boazi alikuwa mume mwema. Yaliyobaki akayaunga mwenyewe: basi huyo mke ndiye aliyemwambia mumewe, uendako nitakwenda. Na nani angembishia, ikiwa hata kanisani siku ya harusi mstari ule ulisomwa bibi harusi akimtazama bwana harusi, mpaka watu wakatafuta leso?

Kitambaa cha ukutani alikidarizi kwa ajili ya harusi ya mwanawe, mwana wa pekee, dereva wa lori. Kijana yule akirudi safari, akifika kona ya kiwanda cha mikate hupiga honi, fupi, fupi, halafu ndefu. Mama yake akiisikia huinua sindano na kuiacha hewani, maana mkono unaotetemeka kwa furaha hautoboi panapotakiwa. Kisha ikaja safari ambayo honi haikulia. Lori lilirudi likivutwa na lori jingine. Yeye alirudi kwa njia ambayo mama hapendi kuisimulia, na kiti chake kikabaki kitupu chini ya kitambaa.

Siku ya mazishi mkaza mwanawe aliambiwa aseme neno mbele ya watu. Akasimama. Akasema lile alilozoea kuliona kila siku ukutani: uendako nitakwenda. Watu wakaangua kilio. Wengine waliondoka pale wakisema mke ndiye huyo, wengine ni majina tu. Bibi Nyuzi naye akalichukua neno lile, akaliweka moyoni mahali pa kuwekwa viapo.

Ikapita miaka. Mkaza mwana hakurudi kwao. Akapata kazi pale pale kiwanda cha mikate. Alfajiri hutoka, mchana hurudi na unga kwenye nyusi na mkate wa moto ameukumbatia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka binti, umerudi ajuza. Hebu futa hizo mvi."

Mzaha ulikuwa ule ule kila siku, na kila siku walicheka, maana cheko lile lilikuwa moja ya nguzo za nyumba. Mtoto hawakuachiwa. Walikaa wawili, kila mmoja akimficha mwenzake kilio. Likipita lori lolote na honi yoyote, sindano ya Bibi Nyuzi bado ilipaa. Na mkaza mwana akiiona imepaa, huinuka haraka akatoka, kama mtu aliyekumbuka nguo kwenye kamba. Hazikuwapo nguo. Bibi Nyuzi alijua hazikuwapo.

Wachumba walikuja, maana binti alikuwa bado binti na tabia yake ilikuwa inanukia kuliko mikate. Kila aliyekuja, Bibi Nyuzi alimnyooshea sindano ukutani.

"Wewe shule umesoma?"

"Nimesoma, mama."

"Haya, soma hapo."

Wakasoma, wakashusha macho, wakaaga. Hakuna aliyemaliza chai.

Jirani wa ukuta mmoja, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Redio kwa kuwa habari zake hazikungoja saa, hakulipenda jambo lile. Siku moja alisimama mlangoni na ndoo yake.

"Bibi Nyuzi, binti wa watu utamkausha kama kuni."

"Mimi nimemfunga? Mlango huo hapo, haujawahi kuwa na kufuli kwa nje."

"Mlango hauna kufuli, shoga. Kufuli liko ukutani."

"Nenda kachote maji, redio yako ina mikwaruzo leo."

Lakini Mama Redio alipoondoka, Bibi Nyuzi alikaa na uzi mkononi muda mrefu bila kuutia sindanoni. Si kwamba alikuwa na roho mbaya. Alikuwa na hofu moja tu, ambayo hakumwambia mtu. Akiondoka huyu, alijiuliza, ni nani atakayejua kwa nini sindano imepaa?

*

Huyu wa mwisho aliletwa na miwani.

Miwani ya Bibi Nyuzi ilivunjika mkono, akaufunga kwa uzi mwekundu akaendelea na kazi. Mkaza mwana akaona aibu, akaichukua, akaipeleka kwa fundi miwani mwenye duka dogo nyuma ya soko. Fundi alikuwa mgane, mtu wa maneno machache, mrefu wa kuinama mlangoni. Aliutazama uzi ule akasema, "Aliyefunga fundo hili ni fundi kunizidi mimi." Binti akacheka. Tangu siku ile miwani ya Bibi Nyuzi ikashikwa na ugonjwa wa kulegea skrubu, tena mara kwa mara kuliko desturi ya miwani.

Jumapili moja alasiri fundi akaja mwenyewe, shati limepigwa pasi mpaka kola. Akaamkia, akaketi pembeni, si kwenye kiti cha marehemu, ingawa hakuna aliyemwonya. Bibi Nyuzi akaliona hilo. Hakutaka kuliona, lakini aliliona.

"Mama," fundi alisema, "sina mshenga. Wazee wangu wametangulia. Nimekuja na ulimi wangu mwenyewe kuomba nimuoe binti yako."

Sindano ikanyooka kuelekea ukutani. "Soma."

Akasoma polepole, kama mtu anayepima kila neno uzito wake. Kisha akasema, "Nimeona, mama. Nami sitaki kumvunjisha mtu kiapo." Akainuka. Alipofika mlangoni akageuka. "Ila nikuambie jingine, si la uchumba. Hiyo miwani haikufai tena. Nimekutazama: kitambaa unakivuta mpaka puani. Uje dukani nikupime."

"Macho yangu yanaona yanachotaka."

"Hilo ndilo tatizo lenyewe la macho, mama," akasema, akainama akatoka.

Jikoni, mkaza mwana alikuwa anaosha vikombe. Bibi Nyuzi alipoingia, alikuta kikombe kimoja kinaoshwa, kinasuuzwa, kinarudishwa kwenye povu, kinaoshwa tena.

"Wewe unamtaka?" aliuliza.

"Mimi niliapa, mama. Niliapa mbele ya kaburi la mume wangu."

"Sikukuuliza hilo."

Kikombe kikarudi kwenye povu. "Wewe ukisema hapana, ni hapana. Sitanuna." Na kweli hakununa. Mchana uliofuata alirudi na mkate wake, akafuta nyusi, akacheka mzaha ule ule. Ila miwani haikulegea tena skrubu, na cheko likawa kama chai iliyorudiwa majani.

*

Bibi Nyuzi asingekwenda dukani kule hata kwa kuburutwa. Kilichompeleka ni ndege.

Alikuwa amemaliza kitambaa cha harusi, mama wa bibi harusi akaja kukichukua. Akakikunjua, akakodoa macho, akakigeuza juu chini.

"Bibi Nyuzi, huyu ndege wa kushoto anaangalia wapi?"

"Anamwangalia mwenzake."

"Na huu ni mdomo au mkia? Mbona ndoa haijaanza bwana ameshageuza mgongo?"

Mama Redio, aliyekuwapo kwa bahati yake ya kuwapo kila mahali, alicheka mpaka akakaa chini. Bibi Nyuzi alicheka pia, kwa mdomo. Walipoondoka akamfumua ndege yule mshono kwa mshono, akihisi kwa vidole kile ambacho macho hayakumpa. Mdarizi akipoteza macho, amebakiwa na nini? Asubuhi akamwambia mkaza mwanawe, "Siku yako ya mapumziko utanisindikiza kwa yule mtu. Kwa ajili ya macho. Kwa macho tu."

Duka la fundi lilikuwa na ubao wa herufi kama maduka yote ya namna ile, zile kubwa juu zikipungua kwenda chini. Lakini fundi hakuutumia. Wateja walikaa wakingoja zamu mbele ya ubao huo huo, wakiwasikia wenzao wakiusoma, na wakifika kitini walikuwa wameshaukariri wote. Alishawahi kumpima mzee akasoma ubao mzima bila kukosea, kisha akatoka akagonga nguzo. Tangu hapo fundi aliweka desturi yake: kila mtu aje na kitabu anachokisoma nyumbani.

Bibi Nyuzi nyumbani alikuwa na kitabu kimoja. Akaja na Biblia imefungwa kwenye kitambaa, na ndani yake utepe mwekundu mahali pa mstari wake, ambapo mteja mmoja alimwekea zamani ili asipapoteze. Mkaza mwana akasimama karibu na mlango, akitazama barabarani, kama aliyekuja na mtu asiyemjua. Fundi alimwamkia kwa kichwa tu. Wote watatu walijitahidi sana.

Fundi akachukua fremu kutoka kwenye sanduku, akamvisha Bibi Nyuzi masikioni taratibu.

"Fungua unapopenda, mama, unisomee."

Akafungua penye utepe. Akaweka kidole, akasafisha koo, na kwa sauti ile ya watu waliozoea kusimama mbele ya harusi akasoma, "Uendako nitakwenda, na ukaapo nitakaa." Hakusita hata silabi moja. Akainua kidevu. "Umeona? Macho yangu mazima."

Fundi akaendelea kusimama na kitambaa chake cha kufutia. Hakucheka, ila pembe za mdomo zilipata taabu.

"Mama, hiyo fremu sijaiwekea vioo bado."

Bibi Nyuzi akapitisha kidole usoni. Kikaingia moja kwa moja mpaka kwenye kope. Pale mlangoni mkaza mwana aligeuka ghafla kuitazama barabara, mabega yakimtikisika.

"Cheka tu, cheka," Bibi Nyuzi akamwambia. "Usije ukapasuka kwenye duka la watu."

Fundi akatia vioo. Mara ya kwanza ukungu, mara ya pili afadhali, mara ya tatu herufi zikasimama wima kama watoto wa shule walioitwa majina. Bibi Nyuzi akashusha pumzi. Hakuwa ameyaona maandishi yakiwa wazi hivyo tangu ujana wake.

"Sasa," fundi akasema, "achana na huo mstari. Huo unausoma kwa moyo, si kwa macho. Panda juu kidogo, mama. Soma usiyoyajua."

Akapanda juu. Akasoma kwa kupapasa, silabi moja ikimshika mkono nyingine. Alikuta mwanamke aitwaye Naomi amesimama njiani, mume amekufa, wana wote wamekufa. Akasita. Akaendelea. Naomi anawaambia wakweze wawili: rudini, kila mmoja nyumbani kwa mama yake. Mungu awatendee mema, kama ninyi mlivyowatendea hao waliofariki, na mimi pia. Awajalie mwone raha, kila mmoja...

Kidole kikasimama.

"Kila mmoja?" fundi akauliza. Hakuwa anauliza ya moyoni, alikuwa anapima miwani. "Neno linalofuata hulioni vizuri?"

"Ninaliona," Bibi Nyuzi akasema. Akamaliza kwa sauti ndogo: "Katika nyumba ya mumewe."

Mkaza mwana alikuwa hatazami tena barabara.

"Sasa huyu wa uendako nitakwenda," Bibi Nyuzi akauliza, kama anakiuliza kitabu, "alikuwa anamwambia nani? Waume si wameshakufa?"

Kidole chake kilishuka chenyewe hadi penye utepe, kikapanda, kikashuka tena. Yale maneno aliyoyashona maisha yake yote kati ya ndege wawili, hapakuwa na mume aliyeyasikia. Yalisemwa njiani, katikati ya vumbi na kilio, na mwanamke kijana, kwa mama mkwe wake.

Akafunga kitabu. "Miwani ni nzuri," akasema. "Twende nyumbani."

*

Siku zile zilizofuata Bibi Nyuzi hakushona sana. Mkaza mwana akitoka kwenda kazini, yeye hukaa mlangoni penye mwanga akafungua kitabu. Alisoma kama alivyokuwa akidarizi, mshono kwa mshono, hakuna kuruka. Alifika mahali ambapo Naomi yule yule anamwambia Ruthu: mwanangu, nisikutafutie raha, ili upate mema? Akafunga kitabu kwa kishindo, paka akaruka.

"Wewe mwanamke," akamwambia Naomi, "una moyo wa namna gani? Umezika wanao wote, umebakiwa na mmoja asiye wako wa kuzaa, na huyo naye unamtafutia mume wewe mwenyewe?"

Bibi Nyuzi akatazama kile kiti kitupu, na hamu ya mwanawe ikamjia kama inavyokuja, bila hodi. Alitamani kusikia vile viatu vikivuliwa mlangoni. Alitamani kumgombeza kwa mafuta ya gari kwenye taulo. Akatamani, na kutamani ndiko kulikokuwa kazi yake ya pili siku zote hizo, ila kazi hii haikuwa na mteja.

Akaenda kwa mchungaji. Alimkuta uani kwake ameikunja mikono ya shati, anaziba tairi la baiskeli.

"Mchungaji, nimewauzia watu uongo?"

"Uongo gani, bibi?"

Akamweleza. Mchungaji akaweka pampu chini, akajikuna kichwa na kujipaka mafuta.

"Mimi mwenyewe nimeusoma kwenye harusi nyingi," akasema. "Maharusi huuomba, kwa kuwa ni mtamu. Si dhambi mtu na mkewe kuazima maneno ya upendo. Lakini ukitaka kujua maneno yenyewe yanasema nini, lazima uulize ni nani anasema, anamwambia nani, na hapo kabla kumetokea nini. Usipouliza, utayafanya yaseme unachotaka wewe."

"Kama kipande kilichokatwa kwenye jora bila kupindwa pindo."

"Kinakuwaje hicho?"

"Kinafumuka pembeni. Unabaki umeshika nyuzi."

"Hiyo nitaihubiri," mchungaji akasema.

"Na ile ya foronya? Enyi wake, watiini?"

Mchungaji akacheka, akanawa mikono, akaleta Biblia yake. "Panda mstari mmoja juu."

Alipanda, na miwani yake mipya. Pale juu waliambiwa wote, wanaume kwa wanawake, wanyenyekeane. Akashuka chini ya mstari wake, akakutana na waume. Wapendeni wake zenu, kama Kristo naye alivyolipenda Kanisa, akajitoa kwa ajili yake. Akaendelea kushuka na waume bado wanaambiwa.

"Huu wa wanaume mbona mrefu hivi? Hauenei kwenye foronya!"

"Ndiyo maana hakuna aliyewahi kuuagiza," mchungaji akasema, wakacheka wote mpaka mke wa mchungaji akachungulia dirishani kuona kuna nini.

Lakini njiani akirudi, Bibi Nyuzi hakuwa anacheka. Kulikuwa na jambo moja limemkaa kama mwiba wa kidole, ambalo hakuwa amemuuliza mchungaji kwa sababu jibu alikuwa nalo. Ruthu alifunguliwa mlango kwanza. Naomi alimwambia rudi, akamwambia tena, akambusu na kumuaga, na hapo ndipo Ruthu alipokataa kutoka. Ndiyo maana neno lake lilikuwa na thamani. Na mimi, alijiuliza, nilimwambia wangu rudi siku gani?

Akafika njia panda. Kushoto nyumbani, kulia nyuma ya soko. Akasimama, akajifunga kanga vizuri, akaenda kulia.

Fundi alimwona akiingia, akainuka haraka mpaka akagonga kichwa kwenye rafu. "Mama! Miwani imeharibika?"

"Miwani haina neno. Nimekuja kuuliza. Yale uliyokuja kuyasema Jumapili ile, bado unayasema?"

Fundi aliishika meza. "Sijawahi kuacha kuyasema, mama. Nimeacha tu kuyatoa nje."

"Basi usije leo wala kesho. Kwanza nina deni la maneno kwa mwanangu."

*

Mchana mkaza mwana alirudi, unga kwenye nyusi, mkate kifuani. "Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mzaha haukuja. Binti akainua macho, na kitu cha kwanza alichokiona ni ukuta. Kitambaa hakikuwapo. Paliachwa mraba mweupe, mahali ambapo rangi ya ukuta haikuwahi kuguswa na moshi wala jua.

Kitambaa kilikuwa mapajani mwa Bibi Nyuzi, kimefuliwa na kupigwa pasi.

"Kaa," Bibi Nyuzi akasema. "Si hapo. Kaa pale."

"Kwenye kiti chake?"

"Kaa, mwanangu. Kiti si kaburi."

Akakaa ukingoni, kama kitamtupa.

"Ulisikia nilichosoma dukani."

"Nilisikia, mama."

"Nilisoma mpaka mwisho. Nina neno ambalo nilipaswa kukwambia siku tuliyotoka makaburini, nikachelewa miaka yote hii. Nisikilize." Akakishika kitambaa kwa mikono miwili. "Rudi, mwanangu. Ukitaka kwenu, rudi kwenu. Ukitaka kwa yule mrefu wa miwani, nenda. Mungu akutendee mema, kama ulivyomtendea aliyefariki, na mimi pia. Hukuapa chochote pale kaburini. Mimi ndiye niliyekushonea kiapo kisichokuwa chako." Akamnyooshea kitambaa. "Na hiki chukua. Kilikuwa cha ndoa yako. Kifumue, kichome, upigie deki, ni juu yako."

Mkaza mwana akakipokea. Akakikunjua magotini, akapitisha kidole juu ya ndege mmoja, kisha wa pili. Machozi yakamshuka, yakichora njia kwenye unga. Akainuka, akapanda juu ya kiti cha marehemu kwa miguu miwili, akakitundika kitambaa kwenye msumari wake.

"Unafanya nini wewe?"

"Mama, hiki si cha mume," akasema, mgongo umegeuka, anakinyoosha pembe. "Si umesoma mwenyewe? Haya maneno mtu alimwambia mama mkwe wake. Siku ile makaburini nilipoyasema, unadhani nilikuwa namtazama nani? Yeye alikuwa ameshafukiwa. Nilikuwa nakutazama wewe."

Bibi Nyuzi alivua miwani mipya, maana ilikuwa haina faida tena.

"Nitaolewa," mkaza mwana akasema. "Namtaka, mama. Ulikuwa umeniuliza kule jikoni, jibu ndilo hilo. Lakini hiki kitabaki hapa."

*

Harusi ilikuwa ndogo. Bibi Nyuzi alimpa bwana harusi zawadi ambayo Mama Redio aliitangaza mtaa mzima kabla haijafunguliwa: shuka nzima ya kitanda, imedariziwa kutoka pembe hadi pembe ule mstari mrefu wa waume. Fundi aliikunjua mbele ya watu, akaanza kusoma kwa sauti, akasoma, akasoma, watu wakaanza kupiga makofi, yeye bado anasoma.

"Imekuenea?" Bibi Nyuzi akamuuliza.

"Mama, hii ni ya kujifunika maisha yote."

"Nilitaka usipate pa kujificha."

Walihamia nyumba ya nyuma ya soko. Nyumba ya Bibi Nyuzi ikawa pana kuliko alivyokuwa akiijua. Asubuhi aliweka vikombe viwili, akakumbuka, akakirudisha kimoja. Paka alikizunguka kiti cha marehemu siku kadhaa, akafikiri, kisha akapanda akalala.

Mchana mmoja alikuwa mlangoni anashona. Kazi siku hizi ilikuwa na kanuni: mteja akileta mstari kwenye karatasi, Bibi Nyuzi humwambia aketi kwanza, wanasoma wote kilicho juu yake na kilicho chini yake, ndipo sindano inaanza. Wengine walilalamika kuwa wanacheleweshwa. Wengine walibadilisha mstari.

Hodi ikapigwa, harufu ya mkate ikatangulia kuingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mume wako hajakuuzia kioo? Umekuja kwangu na mvi hizo?"

Wakacheka. Binti akamhamisha paka, akaketi kwenye kiti, akavua viatu. Walikuwa hawajaanza hata mazungumzo pale honi ilipolia kutoka kona ya kiwanda. Lilikuwa lori la mtu mwingine, na honi yake ilikuwa mbaya, moja tu, ya kukwaruza. Sindano ikapaa hata hivyo, ikabaki hewani.

Bibi Nyuzi alingoja kumwona mwenzake akiinuka haraka kuelekea kwenye kamba isiyo na nguo. Hakuinuka. Alikuwa ameegemea kiti, macho yameelekea kule kule konani, mkono wake nao umesimama juu ya mkate aliokuwa anaukata.

"Yake iliishia na ndefu," mkaza mwana akasema.

"Fupi, fupi, halafu ndefu."

"Nilikuwa nikiisikia natia chumvi kwenye chai badala ya sukari. Nilimnywesha chai ya chumvi mara ngapi!"

"Na hakusema?"

"Hakusema, mama. Alikunywa."

Lori likapita, vumbi likatulia. Sindano ikashuka polepole, ikapata tundu lake.